Ufashisti ni Nini? Namna ya Kuupima Utawala

(Mhadhara uliotolewa Machame, mbele ya wazee, viongozi wa dini, walimu na wanafunzi wa sekondari)

 

Nimekuja na lengo moja. Nataka tuelewane juu ya maana ya ufashisti, na juu ya namna ya kuupa utawala wowote jina linaloustahili. Siku hizi vijana wetu hulisikia neno hilo kila mahali. Mwalimu mkali ni fashisti. Mkuu wa wilaya aliyefunga soko ni fashisti. Rais wa nchi ya mbali ni fashisti kwa huyu na mkombozi kwa yule. Likitumiwa hivyo, siku utakapokuja ufashisti wenyewe hatutakuwa na jina la kuuita. Ninazo hoja sita, nami nitazipanga moja baada ya nyingine ili atakayetaka kunipinga ajue pa kuanzia.

Hoja ya kwanza: jina la utawala lisitoke kinywani mwa mtawala, wala mwa adui yake

Mtawala hujipa jina zuri. Ujerumani Mashariki, iliyojenga ukuta mwaka 1961 kuwazuia watu wake wasitoroke, ilijiita Jamhuri ya Kidemokrasia. Chama cha Hitler kiliweka neno la ujamaa ndani ya jina lake, na hadi leo wako watu wanaosema kwa sababu hiyo kwamba Hitler alikuwa mjamaa. Wamesoma kibandiko tu. Tarehe 2 Mei 1933 Wanazi walivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi nchi nzima na kuvivunja, na wakomunisti na wajamaa walikuwa miongoni mwa wafungwa wa kwanza wa kambi ya Dachau.

Adui naye hutoa jina baya. Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, magazeti na redio zetu zilimwita Idi Amin nduli na fashisti. Nchi ilikuwa imevamiwa, na hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini hasira haitoshi kuwa kipimo, na nitarudi kwa Amin baadaye.

Kipimo changu ni maswali manne. La kwanza: nani anampa mtawala madaraka? La pili: nani anaweza kumwondoa bila kumwaga damu? La tatu: nani anahesabiwa kuwa mwananchi kamili, na nani ametolewa nje ya hesabu? La nne: ni mambo gani ya maisha ya watu yanayobaki nje ya mkono wa dola? Wanafunzi, yaandikeni hayo manne. Ufalme, udikteta wa kijeshi, utawala wa chama kimoja, ukoloni, demokrasia, kila mmoja una majibu yake, na majibu hutafutwa katika sheria, mahakama, magereza na kura. Nyimbo na kauli mbiu tuziache kando.

Hoja ya pili: ufashisti una alama zake, nazo zinatambulika

Ufashisti ulizaliwa Italia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi Machi 1919, mjini Milan, Benito Mussolini aliunda kundi la wapiganaji waliorudi kutoka vitani wakiwa na uchungu. Oktoba 1922 wafuasi wake waliandamana kuelekea Roma, na mfalme akampa uwaziri mkuu. Angalieni hapo: alikabidhiwa serikali kwa mkono wa mfalme. Mwaka 1924 mbunge Giacomo Matteotti, aliyesimama bungeni kulaani wizi wa kura, alitekwa na kuuawa. Kufikia mwisho wa mwaka 1926 vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku. Hitler alipita njia hiyo hiyo kwa haraka zaidi: aliteuliwa Kansela tarehe 30 Januari 1933, na ilipofika Julai mwaka ule ule Ujerumani ilikuwa na chama kimoja tu cha kisheria.

Katika habari za nchi hizo mbili naona alama tano. Alama ya kwanza ni hadithi ya taifa lililodhalilishwa, ambalo sasa litazaliwa upya na kuwa kuu kama zamani. Ya pili ni kiongozi anayejifanya sauti ya taifa zima, hata kumhoji yeye kukawa ni kulisaliti taifa. Ya tatu ni adui wa ndani: kundi la raia linalobebeshwa lawama ya kila shida, kisha likavuliwa haki kwa sheria. Ya nne ni mabavu yanayotukuzwa, pamoja na vikosi vya chama vinavyopiga watu barabarani wakati polisi wanatazama kando. Ya tano ni kumezwa kwa taasisi zote, kuanzia shule, vyama vya wakulima, magazeti na michezo, hadi kanisa.

Juu ya kanisa niseme neno, kwa kuwa niko Machame, ambako Misheni ya Leipzig ilianza kazi mwaka 1893. Kanisa la Kilutheri lililowatuma wamisionari wale lilijaribiwa vikali nyumbani kwake. Kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani lilitaka wachungaji wenye asili ya Kiyahudi waondolewe madhabahuni. Wengine walikataa. Mwezi Mei 1934, mjini Barmen, walitoa tamko kwamba kanisa halina bwana mwingine zaidi ya Kristo. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa upande huo, alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Kitabu cha nyimbo na ungamo la imani vilikuwa vya wote. Kilichowatenganisha ni ujasiri wa kusema hapana. Wachungaji wetu mtanielewa.

Alama hizi huenda pamoja. Moja peke yake haitoshi. Nchi nyingi zina viongozi wanaopenda kusifiwa, na nyingi zina wasiasa wanaolia juu ya utukufu uliopotea. Zinapokutana zote tano, au nne kati yake kwa nguvu, hapo ndipo neno ufashisti linastahili.

Hoja ya tatu: mizizi yake ilipita kwenye mlima huu

Msidhani jambo hili ni la Ulaya pekee. Mwaka 1891 Carl Peters aliwekwa kuwa kamishna wa Ujerumani katika nchi ya Kilimanjaro, kituo chake kikiwa Marangu. Oktoba mwaka huo alimnyonga mtumishi aliyeitwa Mabruk, na mwanzoni mwa 1892 akamnyonga msichana wa Kichagga aliyeitwa Jagodja, ambaye Peters alikuwa akimweka kinyumba. Habari zilipofika bunge la Berlin, mwanasiasa August Bebel alizipigia kelele, na mwaka 1897 Peters alifukuzwa katika utumishi wa serikali. Hata Ujerumani ya mfalme, iliyokuwa inatunyang'anya nchi, iliona aibu.

Ilikuwa nchi ile ile iliyomnyonga Mangi (chifu) Meli kule Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, wote wakiwa 19. Mafuvu ya watu wa mlima huu yalisafirishwa hadi Berlin ili wataalamu wa mbari wayapime. Mwaka 2023 wenye makumbusho huko walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu hayo na familia zinazoishi Kilimanjaro leo. Binadamu waligeuzwa vitu vya kuhesabiwa kabatini. Sayansi hiyo ya uongo, inayopanga watu kwa ngazi za ubora, ndiyo iliyokuja kuwa nguzo ya Unazi.

Sasa tazameni mwaka 1937. Hitler alimsafisha Peters, aliyekuwa amekwisha kufa, akamrudishia heshima yake. Mwaka 1941 watengenezaji filamu wa Kinazi wakatoa filamu ya kumtukuza. Ndani ya filamu hiyo aliigiza Mtanganyika mmoja, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Kijerumani, naye mwenyewe akiwa mtoto aliwatumikia Wajerumani katika Vita vya Kwanza. Alikwenda Berlin mwaka 1929, akadai mishahara ya vita ambayo hawakulipwa yeye na baba yake, akakataliwa. Alifanya kazi ya kuhudumia mezani, akafundisha Kiswahili chuoni, akacheza nafasi ndogo ndogo katika filamu. Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, na akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Mwalimu wa lugha tunayozungumza sasa hivi aliuawa na ufashisti. Naomba jina lake lijulikane katika kila shule ya mkoa huu.

Mshairi na mwanasiasa wa Martinique, Aimé Césaire, aliandika mwaka 1950 kwamba Hitler aliwafanyia Wazungu yale ambayo Ulaya ilikwisha kuzoea kuwafanyia watu wa makoloni. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ukoloni na ufashisti havifanani katika kila kitu: gavana wa Kiingereza hakuhitaji kuuaminisha umma wa Tanganyika kwamba unazaliwa upya, alihitaji kodi na utii tu. Lakini swali la tatu katika yale manne, la nani anahesabiwa kuwa mtu, ukoloni ulilijibu kwa njia iliyoufungulia ufashisti mlango.

Majirani zetu wa Ethiopia waliulipia mlango huo. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia nchi yao, yakatumia gesi ya sumu juu ya wapiganaji na wanavijiji, yakaingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936. Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua Rodolfo Graziani, makamu wa mfalme wa Italia huko, maelfu ya wakazi wa mji huo waliuawa ndani ya siku tatu. Miongoni mwa waliosaidia kuikomboa Ethiopia mwaka 1941 walikuwamo vijana wa Tanganyika katika jeshi la Waingereza la King's African Rifles. Waafrika walipigana na ufashisti kabla Marekani haijaingia vitani. Vitabu vyetu vya shule vingepaswa kulisema hilo kwa sauti kubwa kuliko vinavyofanya.

Hoja ya nne: si kila udikteta ni ufashisti

Mkishuka kwenda Arusha mtapita Tengeru. Kuanzia mwaka 1942 waliishi pale wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, na makaburi ya waliofia huku yapo hadi leo. Waliwakimbia akina nani? Ujerumani ya Hitler iliivamia Poland kutoka magharibi mnamo Septemba 1939, lakini watu wa Tengeru walitoka upande wa mashariki, uliotwaliwa na Urusi ya Stalin. Ni dola ya Stalin iliyowabeba kwa magari moshi hadi Siberia na kwingineko, ambako wengi walikufa kwa baridi na njaa. Mateso yao yalikuwa makubwa, na aliyewatesa hakuwa fashisti. Dola ile ilikuwa ukomunisti wa kidikteta, iliyojihalalisha kwa vita vya matabaka na ahadi ya dunia nzima, si kwa damu ya taifa moja. Kuutofautisha na ufashisti si kuusamehe. Daktari anayetofautisha malaria na homa ya matumbo hausifu ugonjwa wowote. Anatafuta dawa inayofaa.

Turudi kwa Idi Amin. Alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya Januari 1971. Agosti 1972 aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Septemba mwaka huo alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ujumbe wa kusifu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Hitler. Adui wa ndani yupo, mabavu yapo, kiongozi asiyehojiwa yupo. Lakini umma uliopangwa ndani ya chama chenye itikadi ya kuzaliwa upya haupo. Alitawala kwa amri na kwa bunduki ya jeshi. Hukumu yangu ni kwamba ulikuwa udikteta wa kijeshi wa mtu mmoja, wenye ubaguzi, uliochota baadhi ya tabia za ufashisti.

Na sisi wenyewe? Wapo wanaosema Tanzania ya chama kimoja, ya mwaka 1965 hadi 1992, ilikuwa ya kifashisti. Nawaheshimu, lakini nawapinga. Mabaya yalikuwapo na yatajwe: sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na watu waliohamishwa kwa nguvu katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970. Hata hivyo, Oktoba 1961, bungeni, Mwalimu Nyerere aliweka kazi yake rehani kupinga uraia uliofungamanishwa na rangi ya ngozi. Na katika uchaguzi wa mwaka 1965, wenye wagombea wawili kwa jimbo, Waziri wa Fedha Paul Bomani aliangushwa na wapiga kura wake. Utawala ule uliubana uhuru, na ulikataa kumtoa mtu katika hesabu ya wananchi kwa sababu ya damu yake. Uitwe utawala wa chama kimoja uliohodhi madaraka. Jina hilo linatosha kuwa onyo.

Hoja ya tano: ufashisti uliwahi kutufikia jirani

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini zaidi. Sehemu ya Afrika Mashariki iliyoukaribia ufashisti kuliko zote ni Rwanda, chini ya siasa iliyojiita Nguvu ya Wahutu. Ilikuwa na hadithi ya umma uliodhalilishwa na unaotishiwa kurudishwa utumwani. Ilikuwa na adui wa ndani, Mtutsi, ambaye kabila lake liliandikwa ndani ya kitambulisho, utaratibu ulioanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930. Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapisha amri kumi za kuwakataza Wahutu kuoa, kufanya biashara au kuwa na huruma na Watutsi. Kulikuwa na vijana wa chama, Interahamwe, waliofunzwa kuua. Kulikuwa na redio ya RTLM, iliyoanza matangazo mwaka 1993 na kuwaita majirani mende. Alama ya kiongozi mmoja ilikuwa hafifu. Zile nyingine zilikuwa wazi mchana kweupe. Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, watu wapatao 800,000 waliuawa.

Kesi za waliopanga mauaji hayo zilisikilizwa karibu nasi. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa Arusha hadi mwisho wa mwaka 2015. Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi. Desemba 2003 iliwatia hatiani wakuu wa Kangura na RTLM. Majaji walikubali kwamba kalamu na kipaza sauti vinaweza kuua. Wanafunzi, mnaposhika simu, kumbukeni hukumu hiyo ilitolewa mwendo mfupi kutoka hapa.

Hoja ya sita: kupenda kwenu si ufashisti

Baadhi yenu mtauliza: je, kujivunia Uchagga, mila, vihamba (mashamba ya ukoo) na mifongo (mifereji ya maji) yetu, ni mwanzo wa njia hiyo? Historia ya mlima huu ina jibu.

Mwaka 1951 Wachagga walipiga kura kumchagua Mangi Mkuu. Miongoni mwa wagombea walikuwamo Abdiel Shangali wa hapa Machame na Thomas Marealle wa Marangu. Marealle alishinda. Wakati wake kulikuwa na bendera ya Wachagga, wimbo wao, na sikukuu yao ya tarehe 10 Novemba. Mtu wa haraka angesema hizo ni dalili mbaya. Lakini yaulizeni maswali manne. Nani alimpa cheo? Kura. Nani aliweza kumwondoa? Baada ya miaka michache watu walianza kuhoji cheo cha kudumu ndani ya nchi inayoelekea uhuru. Solomon Eliufoo, mwalimu na mzaliwa wa Machame, akawa mbele katika upinzani huo, na mwaka 1960 jambo likaamuliwa kwa kura. Umangi Mkuu ukafutwa, Eliufoo akachaguliwa kuwa rais wa Wachagga. Nyumba hazikuchomwa, kabila jirani halikufukuzwa, na Marealle hakunyongwa. Mwaka 1963 sheria ya nchi ikamaliza mamlaka ya machifu wote.

Fahari iliyokubali kuhojiwa na kushindwa kwa kura haikuwa ufashisti. Ingekuwa ufashisti kama ingemtaka adui ili iweze kuishi. Kihamba nakipenda kwa sababu babu yangu amezikwa humo. Sihitaji kumchukia Mpare, Mmasai wala Mhindi wa Moshi mjini ili nikipende zaidi.

Kazi iliyo mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia. Mafashisti wa kesho hawatavaa mashati meusi kama wafuasi wa Mussolini, wala kujiita kwa jina hilo. Watakuja na maneno matamu juu ya taifa, ardhi na imani. Watatuonyesha kundi la majirani na kutuambia kwamba hao ndio sababu ya bei mbaya ya kahawa, ya ukosefu wa kazi, ya mvua kuchelewa. Wataomba tuwaamini wao tu, na sheria tuiweke kando kwa muda mfupi. Huo muda mfupi ndio utakaokuwa na makaburi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Walimu, fundisheni maswali yale manne katika somo la uraia, na mwache wanafunzi wayatumie kuupima utawala wowote, ukiwamo wa kwetu. Wazee, wasimulieni vijana habari za Mangi Meli, za Jagodja na za kura ya mwaka 1960 mngali hai, na endeleeni kudai mabaki ya watu wetu yarudi kuzikwa. Vijana, msimwite mtu fashisti bila ushahidi, na ushahidi ukiwapo msiogope kulitamka neno hilo. Na ujumbe wowote utakaoingia katika simu yako ukimwita binadamu mende, nyoka au takataka, uishie kwako. Usiusambaze.

 Sasa nawakaribisha mniulize maswali.